Amina ya Mama Jero

Bi. Jerotich Wekesa, ambaye wagonjwa na wanagenzi humwita Mama Jero, anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya kutumikia ambulensi za magharibi mwa Sydney kwa miaka ishirini na saba. Hii ni mara yake ya tatu kustaafu. Keki mbili za kwanza tulizila, naye kesho yake akaripoti kazini.

Alikuja kutoka Kapsabet akiwa muuguzi, akaona wodi imetulia mno, akahamia kwenye gari. Anasimulia mwenyewe kwamba siku hizo alikuwa na adabu kupita kiasi. Siku moja aliitwa Merrylands kwa mama aliyebanwa na kifua. Alimkuta amezungukwa na kikundi cha maombi, na mchungaji ndiyo kwanza anaanza na kuumbwa kwa mbingu na nchi. Mama Jero akavua kofia, akasubiri. Maombi yalipofika kwa Nuhu, mgonjwa akazimia. Alipona, Mungu ni mwema, lakini Mama Jero hakumsubiri Musa tena.

Tangu hapo mikono yake huanza kazi huku kichwa kimeinama. Mchungaji akivuta pumzi tu, yeye hutoa Amina ya kutikisa vioo. Nyumba nzima huitikia, macho hufunguka, machela hupita. Hakuna aliyewahi kulalamika, na makanisa mawili yamemwalika ahubiri.

Ametufundisha wengi, akiwemo jamaa wa Penrith asiyeamini lolote, ambaye sasa ana Amina safi kuliko ya shemasi. Aliyemshinda kumfundisha ni mwanagenzi wake Lydie, binti wa Mchungaji Moïse kutoka Bukavu. Kwenye sindano Lydie hakosei, ila kumkatiza mtumishi wa Mungu, hapana! Mama Jero alimkemea, akambembeleza, akamfanyisha mazoezi garini pale Westmead. Wapi! Sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi ugenini. Ndiyo maana kila alipostaafu alirudi. Alisema wazi kwamba hawezi kulala kwake huku mtu wa watu akifia katikati ya maombi. Aliogopa kweli.

Mwezi Agosti mumewe, Mzee Wekesa, alianguka sebuleni kwao Blacktown wakati wa ibada ya nyumbani. Mama Jero alipiga simu, akampa aspirini, kisha mikono ikaishiwa kazi. Tulipofika na Lydie, waumini walikuwa wamemzunguka mgonjwa, Mchungaji Moïse akiwa miongoni mwao. Aliyeongoza maombi, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka, mkono wa mumewe ameung'ang'ania, alikuwa Mama Jero. Na hakuwa akitua hata kuvuta pumzi.

Lydie alibandika waya za kupima moyo kifuani mwa mzee, akamtazama babake, akainamisha kichwa. Kisha akatoa Amina ambayo jirani wa Kivietnamu aliiitikia ng'ambo ya ua. Mama Jero aliachia mkono. Mzee alifika hospitali akiwa hai, mkewe ameketi kiti cha jamaa wa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Wiki hiyohiyo aliandika barua ya kustaafu.

Asante, Mama Jero. Tunakupenda, na redio ya gari itapwaya bila wewe. Uishi vyema, unywe chai ikiwa bado ya moto. Mzee Wekesa ataketi mbele, asipewe keki.

Maombi ya kufunga hafla yataongozwa na Mama Jero. Lydie atasimama karibu.

Mutua, kwa niaba ya wenzake