Mama Veridiana wa Kliniki ya Ini Anapumzika

Baada ya miaka thelathini na mitano katika hospitali yetu, Muuguzi Veridiana Niyokwizera anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Amechoka, na hafichi. Sisi tunaobaki tumechoka pia, ila yeye amepata ruhusa.

Mama Veridiana alikulia Ulyankulu, katika shamba la tumbaku la wazazi wake. Alianzia wodi ya wazazi, akahamia ya watoto, na miaka ya mwisho ameishika kliniki ya ini. Miguu inavimba, mgongo unalalamika, na kiti kipya tulichomwahidi mwaka juzi hakijafika hadi leo. Ameshaacha kukiulizia.

Wagonjwa wapya walimwogopa. Ukiingia chumbani kwake, alikuamuru umwage mezani kila unachomeza: vidonge vya dukani, mizizi ya porini, chai ya kupunguza tumbo. Mzee mmoja wa Ziba alimwaga hadi ugoro, huku akiapa kwamba huo haumezi. Sisi tulicheka siku nzima. Yeye hakucheka, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Alikuwa na sababu. Hapa kwetu ukiambiwa ini lina mafuta, watu wameshamaliza kesi: ni unene, ni sukari, au ni kangara, pombe yetu ya asali. Sasa Yustina, mwalimu wa kwaya wa mtaa wa Ng'ambo, ni mwembamba, hana sukari, na pombe hajawahi kuionja. Alipopimwa kwa altrasaundi, ini lilionekana limejaa mafuta, na habari ikafika kanisani kabla yake. Lisemwalo lipo, wakasema. Akavuliwa kwaya, akazuiwa Meza ya Bwana mpaka atubu. Jamani, atubu nini?

Mezani kwa Mama Veridiana alimwaga vidonge vya kichwa na unga wa mlonge. Mama akasubiri. Mwishowe Yustina akafungua pindo la khanga na kutoa vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, alivyoandikiwa Mwanza baada ya upasuaji. Aliyejua ni mumewe tu. Na alikuwa ameamua kuviacha, ili ini lisafike na watu wanyamaze.

Mama Veridiana alimkatalia kwa ukali wa mama mzazi. Akamweleza kwamba dawa ile inaweza kuleta mafuta kwenye ini hata la mtu mwembamba, lakini kuikatisha kiholela ni kuifungulia saratani mlango. Daktari wetu aliwasiliana na wenzake wa Mwanza, wakakubaliana aendelee nayo huku ini likipimwa mara kwa mara.

Na jina lake je? Mama Veridiana, Mkatoliki, akaomba nafasi ya kuzungumza kanisani kwao. Aliwaeleza kwamba ini hupata mafuta pia kwa sababu ya dawa kadhaa, kwa homa ya ini aina ya C, kwa njaa na kukonda ghafla, kwa maradhi ya kurithi, na kwa nadra hata kwa ujauzito. Wazee wakamtaka aseme ya Yustina ni ipi kati ya hizo. Akajibu kwamba ya mgonjwa hubaki hospitali. Basi wakamwita mtetezi wa walevi, mbele ya watoto! Akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake alikuwa kazini kama kawaida, na hakutaka kuulizwa.

Hilo Yustina hakuweza kulivumilia. Jumapili iliyofuata alisimama mwenyewe, akaitaja saratani yake na dawa yake kwa sauti ile ile anayofundishia kwaya. Ni yeye aliyeniruhusu kuyaandika haya. Wengine walilia, wengine hawajaamini mpaka leo, lakini kwaya amerudishiwa, na vidonge vyake sasa anavimeza mbele ya wageni.

Mama Veridiana, tumekutumia sana, na asante yetu ni ndogo mno. Kalale mpaka jua likuamshe, kalime ukipenda, usipopenda usilime. Mungu akupe uzee wenye afya na amani. Wazee wale walikwenda kwa Yustina kumwomba radhi, ila kwako hawajafika. Basi tunakuomba radhi sisi, mama.

Damas, Maabara