Weka Simu Karibu na Ndwiga

MARCELLA: Haloo? Ngoja kidogo, nimeshika ndoo. Haya, nani huyo?

IGOKI: Ni mimi, Mama. Igoki.

MARCELLA: Nani?

IGOKI: Igoki. Mama Ndwiga.

MARCELLA: Aa, mama Ndwiga. Sikuona jina, miwani nimewacha kwa meza. Kukoje huko Meru? Kunanyesha?

IGOKI: Kunanyesha kidogo tu. Mko salama? Mtoto yuko wapi?

MARCELLA: Tuko salama. Na mbona unaongea chini chini hivyo? Umejificha?

IGOKI: Niko kwa stoo ya hii shule ya semina ya walimu. Wenzangu wako kwa laini ya chakula, mimi nimekuja kukamua maziwa ya mtoto. Nimekalia gunia la maharagwe. Mama, Ndwiga yuko wapi?

MARCELLA: Mume wangu, huyu mwenye jina la marehemu babu yake, amekula, amelala.

IGOKI: Saa hii? Huwa halali saa hii.

MARCELLA: Kwani analala kwa ratiba ya serikali? Ni mtoto wa miezi minne. Ulitaka nimpe jembe?

IGOKI: Sijakataa. Ni vile tu – Mama, niko na shida. Maziwa yamepungua.

MARCELLA: Yamepungua aje?

IGOKI: Jumapili nikiondoka hapo nyumbani nilikuwa najaza chupa. Jana nusu. Leo asubuhi ni kama mtu amesuuza chupa akasahau kumwaga. Nimevuta hii pampu mpaka mkono umekufa ganzi.

MARCELLA: Unakula lakini?

IGOKI: Nakula. Uji nakunywa, maji nakunywa mpaka naona haya kuinua mkono kuomba kutoka nje. Na ratiba sijavunja hata mara moja. Nesi wa kliniki aliniambia nikamue saa zile zile Ndwiga hunyonya, hata kama hakuna kitu kinatoka. Nikamue, nipumzike, nikamue tena, nipumzike, nirudie. Ati mwili utafikiri kuna mtoto mwenye njaa amekuja, utaongeza.

MARCELLA: Na mwili umefikiri hivyo?

IGOKI: Umekataa.

MARCELLA: Mimi ningekuambia hiyo bila kliniki. Huyu ng'ombe wangu mweusi ukienda kumkamua na ndama hayuko, anakuangalia tu. Maziwa iko, ameibana huko juu. Halafu wewe ukianza kuwa na haraka, anaibana zaidi. Mlete ndama, amlambe kidogo, hapo ataachilia. Sasa wewe unataka kuachilia kwa ajili ya plastiki?

IGOKI: Ndio maana nimepiga. Usinicheke.

MARCELLA: Nani amecheka?

IGOKI: Niwekee simu karibu na Ndwiga. Nimsikie tu. Hata kama ni kupumua. Nesi alisema sauti yake ama harufu ya nguo yake inaweza kusaidia. Kofia yake nilikuja nayo, nimeinusa mpaka sasa inanuka mimi.

MARCELLA: Simu itamshtua.

IGOKI: Haitamshtua. Weka tu hapo kwa mto.

MARCELLA: Halafu akiamka nani atambeba? Niko na kazi, ng'ombe hawajapewa maji.

IGOKI: Si wifi yangu Kaari yuko?

MARCELLA: Kaari – Kaari yuko.

IGOKI: Anaendelea aje? Ameanza kutoka kwa hicho chumba?

MARCELLA: Anatoka. Anatoka siku hizi. Haloo? Naona hii mtandao – haloo?

IGOKI: Nakusikia vizuri.

MARCELLA: Mimi nakusikia ikikatika katika.

IGOKI: Mama, kwa friji zimebaki chupa ngapi?

MARCELLA: Friji iko sawa. Stima haijapotea hata siku moja.

IGOKI: Sijauliza friji. Nimeuliza chupa.

MARCELLA: Kwani wewe umenipigia ukamue ama umenipigia kunihoji? Si nimekuambia amekula? Njeru hakupigii simu jioni?

IGOKI: Njeru ananiambia kila kitu kiko fiti. Nikimuuliza mtoto amekunywa nini, anasema amekunywa.

MARCELLA: Basi umesikia kwa baba yake.

IGOKI: Ngoja – kuna mtu! Niko ndani, tafadhali! (kimya) Pole Mama, ni mpishi, anataka mchele. Nimemwambia angoje. Sasa, hizo chupa. Niliacha kumi na nne kwa friza na nne hapo chini. Ulikuwa unazitoa vile nilikuonyesha?

MARCELLA: Nilizitoa.

IGOKI: Unaweka kwa maji ya vuguvugu.

MARCELLA: Igoki, wewe unajua hii nyumba. Katika hii nyumba hakuna mtu amewahi kunywa maziwa bila kuchemsha. Yule daktari wa mifugo alitufundisha hapo kanisani, akasema hata kama ng'ombe wako anang'ara namna gani, chemsha. Majirani walipata ile homa ya maziwa mabichi, wakakaa kwa godoro mwezi mzima.

IGOKI: Mama, sema tu.

MARCELLA: Nilichemsha.

IGOKI: Ulichemsha maziwa yangu.

MARCELLA: Jumatatu. Yakapanda kama maziwa mengine yote, nikapunguza moto.

IGOKI: Chupa gani? Zile nne?

MARCELLA: Zote. Sasa ningewasha gesi kila saa kwa sababu ya kikombe kimoja? Haloo? Bado uko?

IGOKI: Mama, hayo maziwa nimeyaweka mwezi mzima. Nikiamka kabla ya jogoo. Nikitoka darasani nakimbia, watoto wa darasa la nne wananiuliza mwalimu unaenda wapi kila siku. Zote?

MARCELLA: Nilikuwa nafanya kazi safi. Sikufanya kwa ubaya.

IGOKI: Najua si kwa ubaya. Na alikunywa?

MARCELLA: Alitema. Nikaongeza joto, akatema. Nikapunguza, akatema. Nikasema labda ni chupa, nikajaribu na kijiko. Akafunga mdomo kabisa, nilifikiri ni marehemu mwenyewe amerudi na ile roho yake ya kukataa dawa. Akalia. Nakuambia Igoki, alilia huyo mtoto. Nikatembea naye mpaka kwa shamba la kahawa, nikarudi, nikaimba, nikasahau maneno ya wimbo.

IGOKI: Na hukunipigia.

MARCELLA: Ungefanya nini? Ungetembea kutoka Meru mpaka hapa Manyatta kwa miguu?

IGOKI: Ungenipigia tu. Mlimpa maziwa ya ng'ombe?

MARCELLA: Hapana. Hiyo ulinikataza na nikasikia.

IGOKI: Mlinunua ya mkebe, yale ya unga ya watoto?

MARCELLA: Njeru alikuwa hajafika.

IGOKI: Basi amekula nini tangu Jumatatu, Mama? Leo ni Alhamisi. Amekula nini?

MARCELLA: Haloo? Mtandao –

IGOKI: Usianze na mtandao. Hiyo ni sauti gani?

MARCELLA: Ipi? Ni kuku.

IGOKI: Si kuku. Peleka simu hapo. Ngoja. Nyamaza kidogo, tafadhali.

MARCELLA: Nimenyamaza.

IGOKI: (kimya) Huyo ni Ndwiga. Hajalala. Hiyo kuguna ni yake. Kwa chupa haguni hivyo, Mama, anaguna hivyo akiwa kwa titi. Nani ananyonyesha mtoto wangu?

MARCELLA: Sasa usipandishe sauti, mpishi atasikia.

IGOKI: Ni Kaari?

MARCELLA: Ni Kaari.

IGOKI: Ngai, Mungu wangu.

MARCELLA: Nisikize kwanza. Mimi sikumwambia. Naapa hapa nilipo, sikumwambia. Mtoto analia, mimi niko hapo kwa mlango nimeshindwa, naona mlango wa chumba chake umefunguka. Wiki tatu tangu tuzike katoto kake, huyu msichana wangu hajafungua huo mlango mwenyewe. Wewe unajua, wewe ndiye ulikuwa unampelekea uji anakurudishia ukiwa na ngozi juu. Akatoka. Blauzi yote imelowa. Akanyoosha mikono tu. Hakuongea.

IGOKI: Na ukampa.

MARCELLA: Nikampa. Wewe ungefanyaje?

IGOKI: Mimi ndiye nilimnunulia kabeji, Mama. Nikamwekea majani kifuani mimi mwenyewe, nikamfunga na leso, ili maziwa yakauke. Alikuwa analia hayo maziwa yakimwagika. Kumbe –

MARCELLA: Hayakuwa yamekauka.

IGOKI: Mimi niko hapa nabembeleza haya yangu, yeye anafukuza yake.

MARCELLA: Ndio hivyo.

IGOKI: Alipimwa virusi? Usinikasirikie. Lazima niulize.

MARCELLA: Uliza. Mimi pia niliuliza. Alipimwa kliniki akiwa na mimba, akapimwa tena akijifungua. Yuko safi. Kale katoto kake kalikuwa na moyo mbaya, daktari alisema wazi, hakuna kitu alikapa. Hata Njeru aliangalia hiyo kadi.

IGOKI: Njeru anajua. Kwa hivyo mimi tu ndiye sijui.

MARCELLA: Tulisema tutakuambia ukifika. Ukiwa umekaa.

IGOKI: Nimekaa. Nimekalia maharagwe. Natoka sasa hivi. Nachukua mkoba wangu nakuja.

MARCELLA: Na semina?

IGOKI: Semina ipotee.

MARCELLA: Imebaki leo na kesho. Ukitoka watakuandika hukumaliza, halafu Desemba utakuja kurudia wiki nzima. Utamwacha tena. Si wewe uliniambia hivyo?

IGOKI: Sasa nikae hapa niandike maelezo? Mama, mimi nimekauka. Nikifika kesho niko mkavu kabisa, na yeye amezoea titi la Kaari. Nikimshika ageuze uso, nifanye nini? Niambie. Nitakuwa nani hapo nyumbani? Msichana wa kufua nepi?

MARCELLA: Usiseme hivyo.

IGOKI: Na Kaari ndiye ataweza kumrudisha? Mtu amezika mtoto wiki tatu zilizopita, unamwekea mwingine kifuani, halafu Ijumaa jioni unamwambia asante, leta?

MARCELLA: Hiyo mimi pia nawaza. Nalala nikiiwaza. Najua tu kwamba jana Kaari aliomba chakula. Aliomba mwenyewe, Igoki. Alisema, Mama, kuna kitu kwa sufuria? Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

IGOKI: Alikula?

MARCELLA: Alikula akarudia.

IGOKI: Anamwita nani? Huyo mtoto, Kaari anamwita nani?

MARCELLA: Anamwita baba. Si ana jina la marehemu baba yake Kaari? Na anamwambia mama yako anakuja. Kila saa. Nimemsikia mimi mwenyewe kwa dirisha, hakujua niko hapo. Amekusikia sasa, ameniangalia.

IGOKI: Yuko karibu hivyo?

MARCELLA: Yuko hapa kwa kiti. Uso umembadilika. Ameweka kidole hapo kwa mdomo wa mtoto, ile namna ya kumtoa kwa titi. Anangoja. Anauliza na macho, amtoe ama asimtoe. Sema vile unataka, hakuna mtu atakulaumu. Mtoto ni wako. Nikimwambia amtoe atamtoa, nitaagiza maziwa ya mkebe na bodaboda sasa hivi.

IGOKI: Weka simu karibu.

MARCELLA: Igoki –

IGOKI: Weka simu karibu na Ndwiga, Mama. Usiongee. Na Kaari asimtoe kwanza.

MARCELLA: Haya. Hiyo. Nimeweka.

IGOKI: (kimya refu) Anavuta kwa nguvu.

MARCELLA: Ii. Anavuta.

IGOKI: Anameza. Namsikia akimeza. Mama.

MARCELLA: Niko hapa.

IGOKI: Yanatoka.

MARCELLA: Nini?

IGOKI: Maziwa. Hata sijavuta pampu, imelala kwa goti. Yanatoka yenyewe pande zote mbili, nguo imelowa – ngoja, ngoja nishike chupa –

MARCELLA: Shika pole pole. Unalia?

IGOKI: Nalia. Nimekasirika na nalia na yanatoka. Haya, nimeshika. Yanaruka, Mama. Na huyu mpishi naye – nakuja! Dakika moja, mchele hautakimbia!

MARCELLA: Mwambie akapike ugali.

IGOKI: Bado namsikia. Ameanza kupunguza. Sasa anacheza tu, eh?

MARCELLA: Anaangalia angalia. Kaari bado ameweka kidole. Nimwambie nini?

IGOKI: Salio langu linaisha, simu imenilia kwa sikio. Mama, kesho saa kumi nitakuwa nimefika. Msimlishe kuanzia saa nane. Nimpate na njaa. Mwambie Kaari hivyo, na umwambie mimi ndiye nimesema.

MARCELLA: Nitamwambia. Na sasa?

IGOKI: Sasa ambadilishie upande.

MARCELLA: Umesema nini? Inakatika kweli sasa, haloo?

IGOKI: Upande ule mwingine. Titi moja hashibi, mwambie amgeuze, na amshike kichwa juu kidogo kwa sababu hupaliwa na –

MARCELLA: Haloo? Igoki? Haloo? Kaari, imekatika. Toa hicho kidole. Amesema umgeuze upande ule mwingine.