Fundi Gibson Nzunda na Kamera Mbili za Mzee Enoka

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Ndugu Gibson Nzunda, fundi mkuu wa kamera wa Studio ya Mwangaza hapa Tunduma, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025. Tunasema rasmi kwa sababu kwa njia isiyo rasmi ameshatuaga mara tatu tangu Krismasi, na kila mara Jumatatu yake tulimkuta mlangoni akimsubiri mwenye ufunguo.

Alizaliwa Nanyala mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa kahawa. Mwaka 1988 mwanzilishi wa studio hii, marehemu Mzee Abdulswamad, alimwajiri afagie na kubeba taa. Mwezi wa kwanza alifagia. Mwezi wa pili alikutwa amefungua kamera ya bosi, skrubu zote amezipanga kwenye sahani ya chai. Mzee alitaka kumfukuza palepale, ila akaona ni busara kwanza kamera irudishwe ilivyokuwa. Ikarudishwa, ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo, na ufagio akapewa mtu mwingine.

Ametengeneza kamera za kila aina, lakini moyo wake uko kwenye zile za Kisovieti: FED, Zorki na Kiev. Mkoani kwetu zilifika mikononi mwa vijana waliotoka kusoma Urusi, nyingine zikavushwa na wafanyabiashara kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Ni kamera ambazo ukichungulia kidirishani unaona taswira mbili za mtu mmoja, kisha unazungusha lenzi mpaka ziwe moja. Siku hizi watu huzikuta kwenye masanduku ya wazazi wao na kumletea fundi wakitaka kujua ni aina gani na ya mwaka gani. Kwenye Kiev, husoma tarakimu mbili za mwanzo za namba iliyo juu ya bodi, yaani kiwiliwili cha kamera bila lenzi, kwani ndizo mwaka wa kutengenezwa. Lenzi nayo ina namba yake, husomwa vivyo hivyo. FED hazina msaada huo, kwa hiyo huzikagua umbo la vitufe na mwandiko wa jina, akizigeuzageuza kama mama anayechagua nyanya sokoni.

Yupo mfanyabiashara mmoja, hatutamtaja kwa kuwa leo amechangia soda, aliyewahi kuleta kamera ya rangi ya dhahabu yenye jina la Kijerumani, akitamba kuwa ilikuwa ya jenerali. Fundi akatoa lenzi, akachungulia ndani. Ya Kijerumani ingekuwa na kigurudumu kidogo pale. Hii ilikuwa na kijiti kilichochongwa mshazari. Akamwambia kwa upole kwamba ni Zorki iliyovalishwa suti ya kuazima. Jamaa alinuna wiki nzima, kisha akaleta nyingine.

Sisi wenzake tutamkumbuka kwa ugomvi mmoja: kidole. Ukishika Kiev vibaya, kidole chako kinaziba kidirisha kidogo cha mbele na ile taswira ya pili inapotea. Hakuna mfanyakazi wa studio hii, akiwemo mkurugenzi wetu Bi Nuria, ambaye hajawahi kupigwa kikofi cha kidole. Mwandishi wa wasifu huu anaongoza.

Halafu kuna rangi ya kucha. Fundi Gibson alikuwa na utaratibu wake: zikija kamera mbili zinazofanana siku moja, ya kwanza huitia nukta moja nyekundu ndani ya bodi na nyuma ya lenzi, ya pili nukta mbili, ili vifaa visichanganyike. Rangi aliazima kwa mkewe, Mama Tabita, ambaye mpaka leo hajarudishiwa hata chupa moja. Kwa utaratibu huo, alikuwa akijisifu, hajawahi kuchanganya kitu. Tuliamini hivyo, na yeye aliamini zaidi yetu, mpaka mwezi uliopita.

Mwezi uliopita walifika ndugu wawili, Restuta na mdogo wake Boazi, watoto wa marehemu Mzee Enoka, mpiga picha aliyezunguka vijiji vya Mbozi kwa baiskeli. Mzee aliacha Kiev mbili, kila mtoto akachukua moja. Ugomvi ulikuwa huu: mama yao alifariki wakiwa wadogo sana, na picha yake pekee, ya siku ya harusi yake pale Mbozi Mission, ilipigwa kwa kamera ya kwanza ya baba. Kila mmoja aliapa kwamba kamera hiyo anayo yeye. Tangu mazishi ya baba hawakusemeshana. Boazi hakukanyaga hata kwenye send-off ya binti wa dada yake. Mchungaji aliwasihi mpaka wakakubaliana jambo moja, kwamba atakalosema Fundi Gibson ndilo litakuwa.

Fundi akaisoma ya Restuta: 64. Ya Boazi: 75, yaani imetengenezwa mama yao akiwa tayari kaburini. Restuta akaanza kulia kwa furaha. Boazi akachukua kofia yake, akasimama.

Ndipo fundi akageuza lenzi ya Restuta, na namba yake ikaanza na 75. Akaitoa. Nyuma yake kulikuwa na nukta mbili nyekundu, na ndani ya bodi nukta moja. Akaitoa na ya Boazi: lenzi ya 64, nukta moja. Tulimwona fundi wetu akikaa chini taratibu. Mzee Enoka alizileta zote mbili hapa studio kusafishwa siku moja mwaka 1990, akazifungia sandukuni na hakuzitumia tena.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine aliyejua maana ya nukta zile nje ya studio hii. Hakunyamaza.

“Kosa ni langu, ndugu zangu,” alisema. “Bodi iliyobeba picha ya mama yenu anayo dada. Lenzi iliyomtazama anayo Boazi. Nilizichanganya mwenyewe, na kuzirudisha ni kazi ya dakika moja. Semeni tu.”

Wote tuliona kwamba akizirudisha, mmoja wao ataondoka na kamera isiyomjua mama.

“Ziache hivyo hivyo, fundi,” Restuta akasema. Kisha akamgeukia mdogo wake, mara ya kwanza kwa miaka minne. “Boazi, keti basi. Unakwenda wapi na jicho la baba?”

Boazi akaketi. Hatuoni aibu kusema kwamba tulilia, na Bi Nuria alilia kwa sauti. Tangu siku hiyo bodi inakaa kwa Restuta na lenzi kwa Boazi, na wakitaka kamera ya baba yao iwe nzima inabidi watembeleane. Tumesikia wameshatembeleana mara kadhaa, na kwamba mikanda ya filamu imewaishia.

Fundi Gibson, kwa miaka yote hii umetengeneza vitu vya watu vizuri sana, na kimoja ukakiharibu vizuri zaidi. Asante kwa kazi, kwa vikofi, na kwa kusema kweli siku ambayo ungeweza kukaa kimya. Mungu akupe afya na mvua njema kwenye kahawa yako ya Nanyala, na Mama Tabita apate sasa mume wa mchana kutwa, akimvumilia.

Restuta na Boazi wako hapa ukumbini, viti vya mbele. Dada amekuja na bodi, mdogo amekuja na lenzi, na mkanda tumenunua sisi. Leo wewe kaa upande wa kupigwa. Atakayebonyeza ni mwandishi wa wasifu huu, na kidole chake, fundi, ataangalia anakiweka wapi.