Kompyuta ya Consolatha Haigawiwi

Ndugu zetu mliofika Kibiti kumsindikiza Consolatha Urbano Mbawala, anayesoma ni kaka yake, Benedict. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliandikwa na wazee wa familia, nami nimeibadilisha. Mwenye neno aniletee baada ya maziko.

Marehemu alizaliwa Utete tarehe 14 Agosti 1990, mtoto wa pili wa Mzee Urbano, muuguzi mstaafu, na marehemu mama yetu Skolastika. Akiwa mdogo alitumwa kununua chumvi na sukari dukani kwa Bashiru. Karatasi zilikuwa zimemwishia Bashiru, akavitia vyote katika mfuko mmoja na kupiga fundo katikati. Conso aligoma kuondoka hadi kila kimoja kifungwe peke yake. Alirudi jioni, mama ameshakunywa chai isiyo na sukari.

Alisoma shule ya msingi Utete na sekondari ya bweni mkoani Ruvuma, kisha akapata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2012.

Rasimu ilisema hakubahatika kuajiriwa. Aliajiriwa hukohuko Dar, na kazi akaiacha mwenyewe mwaka 2018. Mwaka huo kikundi cha wakulima wa Mahege kiliagiza mbegu za mpunga kwa programu waliyotengenezewa na mtu wa mjini. Walioagiza kwa debe na walioagiza kwa kilo wakajumlishwa pamoja kama namba tupu. Mbegu zilizoletwa hazikutosha, na mvua ilikuwa imeshaanza. Mashamba mengi yalibaki magugu.

Conso alirudi nyumbani amekasirika, na hasira hiyo hakuiacha. Aliichagua Teno, lugha mpya ya kuandikia programu, inayotaka kila kitu kitajwe aina yake mapema: hili debe, hii kilo. Ukivichanganya inakataa, kabla programu haijaanza kazi. Lakini kihariri, yaani pale mwandishi wa programu anapoandikia, kilikuwa hakiijui lugha hiyo. Akakaa miaka minne akikifundisha kupaka maneno rangi, kupendekeza neno linalofuata, na kupiga mstari mwekundu chini ya kosa na kulieleza kwa Kiswahili. Wenye lugha hiyo huko ng'ambo walimwandikia kwamba Kiswahili hakihitajiki, kwa kuwa kila mwandishi wa programu anajua Kiingereza. Aliwajibu kwa Kiswahili, akaendelea.

Mwenzake katika kazi alikuwa Zaitun Haidari, mwalimu wa hisabati hapa Kibiti. Zaitun alipoandika upya programu ya Mahege alirudia kosa lilelile. Mstari mwekundu ukatokea na maneno haya: "Debe halijumlishwi na kilo. Badili kimoja kwanza." Conso akamkataza kulisahihisha, akawaita viongozi wa kikundi waje walione kwa macho yao.

Rasimu ilisema pia hakubahatika kuolewa. Aliposwa na mwalimu mmoja wa Ikwiriri, mtu mwema, aliyemtaka achague kati yake na "hiyo mashine". Hakuomba hata siku ya kufikiri. Shangazi Rozalia aliniomba niiondoe sehemu hii. Sijaiondoa.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kudhoofika. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Tuliomwambia aache kazi alitufukuza chumbani. Mwezi uliopita Teno ilitoa toleo jipya, na kazi ya Conso ikaharibika kila mahali inapotumika. Sahihisho lingeweza kutumwa kutoka kompyuta yake tu, kwa kuwa ufunguo wa siri wa kulituma ulikuwa humo, na yeye na Zaitun walikuwa hawajalimaliza. Alimwambia Zaitun mbele yangu, "Mashine hii ikifutwa, kazi yote imekwisha. Usikubali, shoga yangu." Alifariki nyumbani, alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025. Nimeumia, na sitasema kwamba nimezoea.

Jana, kwenye kikao cha familia, shangazi alipendekeza kwamba siku ya kuanua tanga kompyuta hiyo igawiwe pamoja na nguo. Ingefutwa, apewe binamu yetu anayeanza chuo. Nilipandisha sauti, nikaambiwa nikae. Ndipo akazungumza baba, ambaye miaka yote alimuuliza Conso ni kazi gani hiyo isiyo na ofisi.

"Nguo gaweni," alisema. "Ile ni kazi ya mtu, na mwenye kuiendeleza yupo. Zaitun, mwanangu, ichukue."

Marehemu ameacha baba, kaka, shangazi, na Zaitun Haidari. Wazee walisema Zaitun asiandikwe kwa kuwa si ndugu. Nimemwandika.

Na hili halimo kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu limetokea leo. Zaitun amekesha akilimalizia sahihisho, nalo limetumwa asubuhi hii, kabla jeneza halijatolewa ndani.

Lala kwa amani, Conso. Mstari wako mwekundu umerudi.