Dawa Ilizima Kilio, Ikazima na Furaha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mwenyekiti amenipa dakika tano, lakini leo hata akiniashiria nikae nitajifanya sijamwona. Nina furaha, na furaha yenyewe ndiyo ushuhuda wangu.

Mnajua kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee kule mjini Savage, huku ughaibuni. Mama yangu mzazi alipofariki Kenya, karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa hazijakamilika, sikuweza kusafiri. Nilimzika kwa simu. Baada ya hapo nikawa mtu wa kulia: nikiendesha gari nalia, nikikunja shuka nalia. Mume wangu akanipeleka kliniki, nikaandikiwa dawa ya huzuni.

Nisiwafiche, dawa ilifanya kazi. Kilio kilikauka. Lakini miezi ikapita, nikagundua hata furaha imekauka. Binti yetu wa miaka tisa alishinda mashindano ya kusoma shuleni, akaja mbio na cheti chake. Nikamwambia, "Vizuri." Basi! Akanitazama, akaenda zake chumbani. Na hapa kanisani, mlipokuwa mnaimba, mimi nilikuwa nafungua mdomo tu. Nikasema moyoni, Mungu ameniacha.

Ndipo nikafanya ujinga. Niliacha dawa ghafla, bila kumwambia mtu. Siku ya nne, nikimwinua bibi mmoja kutoka kitandani, nikasikia kitu kama shoti ya umeme kichwani, nikayumba. Mwenzangu wa zamu, dada kutoka Kongo, akamdaka yule bibi asianguke. Fikirieni kama hangekuwepo! Alinikalisha, nikamweleza yote, akampigia mume wangu simu.

"Umeacha dawa?" mume wangu akaniuliza ndani ya gari.

"Nimeacha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nakutazama wewe na mtoto na sihisi kitu?"

Aliwasha gari. Kisha akasema, "Basi twende tumwambie daktari hivyo hivyo."

Daktari alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alitusikiliza, akachukua kalamu, akaanza kutuchorea ubongo. Akasema dawa yangu inaongeza kemikali iitwayo serotonini, na hiyo serotonini hubeba ujumbe. Ujumbe unapokelewa mahali panapoitwa vipokezi, na vipokezi viko vya aina nyingi.

"Vingine," akasema, "viko kwenye seli zinazotoa kemikali nyingine kabisa, dopamini, ile inayokufanya utamani kitu na ukifurahie. Serotonini ikigusa vipokezi vya aina moja, dopamini hupungua. Ikigusa vya aina nyingine, huongezeka. Siwezi kuona ndani ya kichwa chako, mama, lakini kuna watu ambao dawa ya aina hii hufifisha hata furaha, na tunadhani hiyo ni sababu mojawapo."

"Kwa hivyo sijawa mtu mbaya?" nikamuuliza.

"Hapana. Ila hukupaswa kuiacha ghafla. Tutakubadilishia, pole pole."

Jamani, nilitaka kuruka pale kwenye kiti! Mimi niliyedhani nimelaaniwa, kumbe ni kemikali moja inaiambia nyingine inyamaze! Mume wangu aliomba ule mchoro, akaubandika kwenye friji.

Sikupona kwa siku moja, msidanganyike. Ziko wiki nilizokata tamaa. Lakini Jumamosi moja tulikuwa madukani Roseville, tunatafuta viatu vya theluji. Binti yangu akavaa viatu vikubwa vya kiume, akaanza kutembea kati ya rafu, kidevu juu, kama askofu anaingia ibadani. Kicheko kikanitoka! Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, watu wanageuka kututazama.

Mtoto akasimama. "Mummy, umecheka," akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye kila siku hunijibu kwa Kiingereza. Akanirukia shingoni. Tukalia wote, na ndugu zangu, kilio kile kilikuwa kitamu!

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, na yule dada wa Kongo, na daktari aliyenichorea. Nanyi nawasihi: dawa ikikukausha, usiitupe. Rudi umwambie daktari, "Silii tena, lakini pia sifurahi." Maneno hayo machache yalinirudishia nyumba yangu.

Na kama uko hapa leo unafungua mdomo tu huku wenzako wanaimba, mimi nakufahamu. Tukimaliza ibada, njoo tukae. Si lazima uniambie kitu.