Tunamwombea Aliyesimamisha Roketi

Mgeni rasmi, Mhandisi Naomi Jefwa, mwanzilishi na mkurugenzi wa kampuni yetu: sisi mafundi wa karakana ya roketi hapa Bondeni tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Karibu, hapa ni kwako.

HISTORIA
Ulipotuajiri tulikuwa mafundi wa meli, na mjini tulichekwa. Jirani yetu Mzee Gharib alisema barazani kwamba tunawatengenezea matajiri fataki. Wengine wetu nasi tuliwaza vivyo hivyo.

Roketi ya kwanza ililipuka kwenye jukwaa lake baharini. Mkaguzi wetu, Mhandisi Emmah Wanza, alikuwa ameomba isirushwe siku ile, hakusikizwa. Mwenzetu Tsofa aliungua mikono yote miwili.

MAFANIKIO
Roketi ya pili, wageni wakiwa wameshaketi kuitazama, Emmah aliisimamisha isirushwe. Tulikasirika, hatufichi. Msimamizi alimtaka atoe ushahidi.

“Sina,” akajibu. “Nimesikia bomba likilia vingine. Nifungulieni nitazame.”

Tsofa, aliyekuwa amerudi kazini, ndiye aliyetangulia kushika spana. Bomba lilikuwa na ufa.

Tulilibadilisha, na kesho yake asubuhi tukairusha. Mgeni rasmi, iliinuka kimya, kisha sauti ikatufikia na kututikisa vifua. Chuma tulichokichomelea wenyewe kilipenya mawingu, kikawa nukta, kikatoweka. Mwengine alisujudu, mwengine alifanya ishara ya msalaba.

Jioni Mzee Gharib alikuja karakanani, akauliza taratibu, “Hivi sasa chombo kile kiko juu yetu?” Tukamweleza kwamba setilaiti iliyobebwa na roketi ile inaizunguka dunia. Akaketi nasi, akatazama juu hadi adhana ya Magharibi.

CHANGAMOTO
Tumesikia Mhandisi Emmah atahamishiwa ofisi ya Nairobi kwa sababu anachelewesha kazi. Ni kweli, huchelewesha.

MAOMBI
Hatari ya kazi hii tunaijua na tumeikubali. Tunaomba Emmah abaki, na akisema tusimame, tusimame bila yeye kuomba ruhusa ya mtu. Roketi ijayo tutaijenga kwa mikono miwili. Lakini sote tunatamani kuiona ikiruka, na Emmah asipokuwepo, hatujui nani kati yetu atathubutu kusema ngojeni.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, awabariki wanaothubutu na wanaotilia shaka.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Roketi,
Bondeni, Mombasa.