Krismasi ya Januari Nyumbani kwa Mzee Nzai Matano

Siku ya Jumapili tarehe 11 Januari 2026, hapa nyumbani Munje, tulikuwepo mama yetu Dama, shemeji yangu mkubwa Ziro, wifi yangu Mapenzi, mume wangu Rai, mimi Mercy ninayewasomea wasifu huu, wanangu wawili, jirani yetu Bi Twaiba na binti yake Ummi, na Mzee Issa aliyepika na baba jiko moja kwa miaka mingi, na katikati yetu, juu ya kiti kilichotandikwa mito ili asiumie mgongo, alikuwa baba yetu Nzai Matano. Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiingoja, na wengi wenu mmekuwa mkiuliza kama aliifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Aprili 1961 huko Ndavaya, Kinango, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Matano Ziro na mkewe, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi huko huko hadi darasa la saba mwaka wa 1976, akachunga mbuzi wa baba yake kwa muda, kisha akateremka Ukunda kutafuta kazi, na mwezi wa Machi 1982 akaajiriwa katika hoteli moja ya Diani kuosha vyombo. Aliosha vyombo miaka minane huku akitazama wapishi wanavyofanya, na mwaka wa 1990 akapewa kofia ya mpishi, akaivaa hadi alipostaafu mwaka wa 2019.

Alifunga ndoa na mama yetu Dama tarehe 9 Agosti 1986, wakahamia hapa Munje, wakajaliwa watoto watatu, Ziro aliyezaliwa mwaka wa 1988, Mapenzi mwaka wa 1991 na Rai mwaka wa 1997. Baba aliwapenda sana watoto wake, lakini kazi ya hoteli mnaijua, sikukuu ya watu ndiyo siku ya mbio jikoni, na watoto walikuwa wakila Krismasi yao na mama peke yake, baba akija baadaye kama mgeni, wakati nguo mpya zimeshafuliwa na hadithi zimeshaisha. Jambo hilo lilimuuma, aliogopa kwamba wanawe watakua wakimjua kwa mizigo aliyoleta tu.

Mwaka wa 2003 baba alishika zamu ya Mzee Issa siku ya Idi ili rafiki yake akae na watoto wake, na ilipofika Desemba Mzee Issa naye akasema atashika zamu ya baba tarehe 25. Baba hakumwambia mtu, na nyumbani hapakuwa na simu, akanunua mchele na nyama, akamnunulia Mapenzi viatu vyeupe, akaja asubuhi akitaka kuwashangaza, akakuta mlango una kufuli. Mama alikuwa amewachukua watoto tangu jana yake kwenda kwao Kinango, kwa kuwa alijua mumewe haji. Bi Twaiba alipomwona amesimama uani na mizigo yake alimwita akamwambia, "Mwenye nyumba, leo ndiyo umekumbuka kwako? Wenyewe wamekukimbia," kisha akamtandikia mkeka barazani, akamletea wali na samaki wa kupaka, na baba alipomaliza kula akainuka akaosha sahani, Bi Twaiba akawaambia wanawe wamwache, kwamba hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Alirudi kazini jioni ile ile bila kuwaona wanawe, akaacha mizigo yote kwa jirani.

Watoto waliporudi na kuelezwa, Mapenzi alikataa kuvaa viatu vile, alikuwa na miaka kumi na miwili, akalia, akamwambia mama yake, "Kwani Krismasi itakimbia? Si tumngoje baba." Mama alimsikiliza, na kuanzia mwaka ule nyumba hii haikuwahi tena kula Krismasi tarehe 25 Desemba, bali ilikula Jumapili ya pili ya Januari, wageni wa hoteli wakishaondoka na baba akiwa likizo. Watoto wa shule waliwacheka, wakasema Krismasi yao inakuja kwa miguu, lakini Jumapili hiyo ilipofika waliowacheka ndio waliotangulia kuingia uani. Kuku walichinjwa na Mzee Issa ili majirani wetu wote wale bila wasiwasi, baba akapika mwenyewe, na mama alikatazwa kukaribia jiko siku hiyo, akikaribia anaambiwa, "Dama, nenda ukakae kama bibi wa hoteli."

Mimi niliolewa na Rai mwaka wa 2018, na Januari yangu ya kwanza hapa nilikuwa nimejifungua karibuni, nina aibu, nimekaa nyuma ya mlango nikinyonyesha, baba akapakua sahani ya kwanza akaniletea mwenyewe, wazee walipomtazama akasema, "Mama mtoto kwanza, nyinyi wengine mna meno ya kungojea." Sijasahau, na najua kila mmoja aliyekaa hapa ana sahani yake ya namna hiyo anayoikumbuka.

Baba alipostaafu tulidhani Krismasi itarudi Desemba, lakini wakati huo Mapenzi alikuwa ameajiriwa katika hoteli kule Diani kutandika vyumba, na Desemba hapati ruhusa, kwa hiyo baba alisema yeye alingojwa na binti yake miaka yote, sasa ni zamu yake kumngoja.

Mwezi wa Februari 2025 baba alianza kuvimba miguu, akapimwa akaonekana ana ugonjwa wa figo, akawa anakwenda hospitali ya Msambweni kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alikwenda bila manung'uniko, akiwauliza wauguzi wamekula nini. Ilipofika Desemba alikuwa amedhoofika sana, na sote tuliona huenda asifike Januari. Shemeji Ziro, kwa mapenzi yake, alisema mwaka huu tule mapema, na baba akamjibu, "Mkila bila Mapenzi, na mimi nihesabuni niko kazini." Mapenzi aliposikia alitaka kuacha kazi aje, baba akaomba simu akamwambia, "Usiache kazi kwa ajili ya wali, mama. Maliza wageni wako, mimi nipo."

Na alikuwepo. Mapenzi alifika Jumamosi tarehe 10 Januari, na kesho yake alipika yeye, baba akiwa amekaa mlangoni mwa jiko akionja na kugomba, "Tui zito bado, Mapenzi, una haraka ya kwenda wapi, likizo si umepewa?" Tulikula kwenye sinia moja, yeye akala kidogo, akacheka sana Bi Twaiba alipowasimulia wajukuu habari za mlango wenye kufuli. Jumatano tarehe 14 Januari asubuhi alituaga hapa hapa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama, watoto wake watatu wakiwa karibu, hakuna aliyekuwa safarini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni kwa upole wao, Mzee Issa na wenzake wa jikoni waliomtembelea kila mwezi, Bi Twaiba na Ummi waliotuchotea maji na kutulelea watoto tulipokuwa hospitalini, vijana wa bodaboda waliombeba taratibu wakikwepa mashimo, na nyinyi nyote wa kanisani na wa msikitini mlioshinda hapa tangu Jumatano. Chakula kipo, tunawaomba mtu asiondoke bila kula.

Baba, umemaliza zamu zote, pumzika sasa kwa amani.

Wifi yangu Mapenzi, kama alivyoagizwa, anarudi kazini Jumatatu asubuhi.